Gari la Watu

SEHEMU YA KWANZA

Baba mdogo alishapokea kishika uchumba cha Landrova ya Babu kabla hajamwambia mtu yeyote nyumbani. Tulipopata habari, lori la chuma chakavu lilikuwa limeshapangiwa safari: litoke Bunda, livuke kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, na Jumamosi asubuhi liwe uani kwetu Nansio. Bei ilikuwa ya kilo. Injini na chesisi kwa bei ya chuma, bodi kwa bei ya alumini, iliyo juu zaidi.

Babu alielezwa akiwa barazani anamenya chungwa. Hakugomba. Alimaliza chungwa lake, akakunja kisu, akasema, "Sijawahi kutoa gari gereji likiwa limekufa. Likiondoka, liondoke linanguruma."

Kisha akaniangalia mimi.

Kwa ajili ya lori hilo hata safari ya Kagunguli iliahirishwa. Kila mwaka, masika yanapokaribia, familia nzima huenda huko kwenye misa ya kumwombea mdogo wake Babu aliyekufa vitani, tukalala hukohuko kwa shangazi na nyumba ya Nansio ikabaki tupu. Safari hii tulibaki.

Mimi nilikuwa nimemaliza ufundi magari VETA Mwanza. Nilizoea magari ambayo unachomeka waya chini ya usukani na kioo kinakuambia injekta ipi inasumbua. Landrova ya Babu haikuwa na mahali pa kuchomeka chochote. Ilikuwa ile ndefu, mia na tisa kama mafundi wanavyoiita, kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna inchi 109. Ilikaa chini ya mwembe tangu kabla sijazaliwa. Kuku walitagia nyuma yake, watoto wa mtaa waliendesha safari zao zote za Dar es Salaam wakiwa wameketi humo.

Asiyejua magari angejiuliza kwa nini unyevu wa ziwa haukuila bodi ile kwa zaidi ya miaka thelathini. Jibu liko Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, na kampuni ya Rover, iliyozoea kutengeneza magari ya starehe, ilikuwa haina cha kutosha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na jipi la Kimarekani lililobaki vitani, akilitumia shambani kwake. Akaamua kutengeneza gari la kazi la namna hiyo, bodi yake ikawa ya alumini, madini yaliyokuwa yakipatikana. Gari likaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Walidhani wataliuza kwa muda mfupi, hali ikitengemaa warudi kwenye magari yao ya starehe. Badala yake likaja mpaka huku kwetu, likawapakia Bwana DC, bwana shamba na mapadri, na baada ya Uhuru likawapakia waliochukua viti vyao. Sasa ile ile alumini iliyoliokoa na kutu ndiyo iliyomvutia mwenye mizani.

Alhamisi asubuhi Babu alinipa kadi ya gari, ile ya zamani ya karatasi ngumu, nimkabidhi mnunuzi. Kadi ilisema gari ni la mwaka 1964. Nikaiweka mfukoni, nikafungua boneti, nikaanza kazi kwa mbele.

Hapo ndipo taa zilinisimamisha.

Landrova za miaka ya mwanzo ya 1960 zina taa kubwa katikati, pembeni kidogo ya radieta, zimekaribiana. Ilipofika mwisho wa muongo huo ndipo kiwanda kilizihamishia nje kwenye mabawa, maana sheria za nchi kadhaa zilitaka gari lionyeshe upana wake usiku. Gari lililokuwa mbele yangu lilikuwa na taa kwenye mabawa. Nikajiambia mabawa ya Landrova hufungwa kwa bolti, mtu akigonga mti huyabadilisha kwa siku moja. Ni jambo la kawaida.

Nikahamia kwenye betri. Ilikufa zamani, lakini vibanio vya nyaya vilikuwapo. Kichwa cha chanya cha betri huwa kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo hata betri isipokuwapo, kibanio chenyewe kinakueleza kilikuwa kinakaa wapi. Magari mengi ya Kiingereza ya mwaka 1964 yalifungwa ethi kwa upande wa chanya: waya wa chanya ndio uliokwenda kwenye chesisi. Baadaye katika miaka hiyo ya 1960 wakageuza, wakafuata dunia nzima, ethi ikawa hasi. Nikakishika kibanio cha waya uliokwenda kwenye chesisi. Kilikuwa kile chembamba.

Bawa hubadilishwa. Lakini nani ageuze mfumo mzima wa umeme wa gari kuukuu bila sababu?

Nikachukua brashi ya waya na mafuta ya taa, nikalala chali chini ya kona ya mbele kulia, mahali springi inaposhikwa na chesisi. Hapo ndipo namba hugongwa. Nilisugua mpaka matope na grisi vikaisha, nikapitisha chaki, tarakimu zikatokea nyeupe. Nikatoa kadi mfukoni.

Hazikulingana. Tarakimu ya kwanza tu ndiyo iliyofanana.

Nilimkuta Babu palepale barazani. Sikuwa nimefungua mdomo, akaniuliza, "Umesugua kona ya kulia?"

"Ndiyo, Babu."

"Umeiona."

"Nimeiona. Siyo gari letu."

Hakuomba kadi wala hakuuliza namba zilisomekaje. Aliinuka kwa kushika nguzo. "Tangu 1979 nasubiri mtu wa nyumba hii aje aniambie maneno hayo," akasema. "Ingia ndani, mama. Funga mlango, na baba yako mdogo asisikie."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Namba ya chesisi ya Landrova iliyo chini ya mwembe si ile iliyoandikwa kwenye kadi. Babu analijua jambo hilo tangu mwaka 1979. SASA ENDELEA…

Nilidhani ataanza na 1979. Akaanza na baba yake.

"Waingereza waliiteka Ukerewe mwezi Juni 1916," alisema, "na Julai wakaingia Mwanza. Baba alichukuliwa kubeba mizigo. Farasi, punda na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa mbung'o, wanaisha kwa maelfu, basi kazi ya mnyama akapewa mtu. Walikufa wengi mno, mama. Kule Dar es Salaam wapagazi walipowekwa kambi ndipo panapoitwa Kariakoo mpaka leo. Baba alirudi. Na alirudi na habari moja aliyoisimulia mpaka uzeeni: aliona gari dogo la Ford likipita kwenye njia aliyoifungua yeye kwa panga, limebeba mzigo wa watu kumi na kitu, na halina haja ya posho."

Ford ile ilikuwa Model T, iliyoanza kuuzwa Oktoba 1908. Ni nyepesi, imeinuka juu ya ardhi, na mahali malori mazito yalipozama yenyewe ilipita, au askari waliinyanyua kwa mikono ikaendelea. Babu aliijua historia ya magari kwa namna ambayo walimu wangu hawakunifundisha. Mimi nilikariri kwamba mwaka 1913 Henry Ford alianza kuyavuta magari yanayoundwa yapite mbele ya wafanyakazi, kila mmoja na bolti yake, na kuunganisha chesisi kukashuka kutoka saa zaidi ya kumi na mbili hadi saa moja na nusu hivi. Nilijua kwamba hadi mwaka 1927 zilitoka Model T zaidi ya milioni 15. Babu yeye alitaka kujua kama naelewa kitu kilichotangulia hayo yote.

"Ili gari lipite mbele ya mtu na yeye afunge bolti bila kupima, kila bolti lazima iwe sawa na mwenzake. Unaelewa? Zamani fundi alikuwa anachonga kila kipuri kwa tupa mpaka kikae kwenye gari lile. Kipuri cha gari hili hakiingii kwenye gari lile. Wewe umewahi kusikia Cadillac tatu?"

Sikuwa nimesikia.

"Mwaka huohuo wa 1908. Waingereza walichukua Cadillac tatu za Marekani, wakazifungua zote mpaka nati ya mwisho, wakachanganya vipuri kwenye lundo moja. Mafundi wakaambiwa waunde magari matatu kutoka kwenye lundo lile, kwa spana na bisibisi tu, tupa marufuku. Wakayaunda. Yakapelekwa kwenye uwanja wa Brooklands yakakimbia maili 500 na kampuni ikapewa tuzo." Alinyamaza kidogo. "Kalasinga aliyenifundisha kazi pale Mwanza alikuwa anaisimulia hiyo kila akipokea mwanafunzi mpya. Alisema siku ile gari liliacha kuwa mtoto wa fundi mmoja. Likawa la yeyote mwenye spana. Kweli. Bila siku ile mimi nisingepata kazi. Lakini kuna jambo ambalo yeye hakulisema: siku ile ndipo ilipowezekana gari moja lisimame mahali pa jingine, na mwenye macho ya kawaida asijue."

Alivuka kwenda Mwanza mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mwaka mmoja nyuma vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilikuwa vimeungana kuwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na pamba ya Usukuma na Ukerewe ilihitaji malori kuifikisha kwenye vinu vya kuchambulia, kama kile cha Murutunguru hapa kisiwani. Babu alianzia utanboi kwenye Bedford. Tanboi ndiye aliyekuwa breki ya mkono ya lori: mlimani anakimbia nyuma amebeba gogo, lori likisita analiweka chini ya tairi. Ndiye aliyejaza maji radieta. Ndiye aliyepiga hendeli saa kumi alfajiri. Usiku, wenzake wakilala juu ya marobota, yeye alifungua kabureta akaisafisha ili aone ndani kuna nini.

Gereji aliyohamia baadaye ilikuwa ya yule Kalasinga, na mwaka 1965, Joginder Singh aliposhinda Safari Rally kwa Volvo iliyokwishatumika, mzee yule alifunga kazi mchana akanunua soda za watu wote. Joginder naye alitokea gereji. Baadaye ikawa zamu ya Peugeot 404, iliyokuwa imeshinda 1963 na ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na kila mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa akaitaka. Babu aliyasimulia haya uso wake ukiwa umefunguka kabisa. Nilimwacha aseme. Nadhani alikuwa anakusanya nguvu.

Landrova yetu, ile ya 1964, aliinunua ikiwa imetumika, akairudisha kisiwani. Ilisafirisha wagonjwa, mahindi, maharusi na maiti. Mafuta yalipopanda bei baada ya 1973 na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, yeye na mdogo wake waliitumia siku hiyo kuifungua na kuifunga. Mdogo wake ndiye aliyekuwa dereva. Mimi namwita babu mdogo, ingawa nimemjua kwa picha moja tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu alilitangazia taifa vita, na magari ya watu binafsi na ya mashirika yakaitwa kwenda kubeba askari, chakula na risasi. Landrova yetu iliitwa. Babu mdogo akasema gari haliendeshwi na mtu mwingine.

"Alituma salamu kutoka Kyaka, halafu Mutukula," Babu alisema. "Halafu Masaka, jeshi letu lilipoichukua Februari. Halafu Machi, Lukaya. Wewe umesoma habari za Lukaya?"

Nilisoma. Lukaya iko kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, kando ya kinamasi cha ziwa hilihili letu. Tarehe 10 na 11 Machi 1979 majeshi ya Amin, pamoja na askari wa Libya, yalipigana hapo na jeshi letu, na asubuhi ya pili yakavunjika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

"Dereva mwenzake alikuja hapa na mguu mmoja. Akaniambia aliiona Landrova yetu inaungua pembeni ya barabara, mlango wa dereva umefungwa. Tukaweka matanga bila mwili. Mama hakula siku tatu."

Nje, honi ya meli ililia bandarini. Babu akasubiri iishe.

"Vita ikaisha. Magari yaliyopona yakaanza kurudishwa kwa wenyewe. Usiku mmoja nikaitwa bandarini, nikaambiwa gari lako limekuja. Nikasema gari langu liliungua. Wakasema namba za usajili ni zako, njoo. Nikaenda. Umeme haukuwapo. Gari lilikuwa limeshashushwa, injini inanguruma, taa zimewashwa zinanipiga machoni. Na mimi, mama, kabla sijafika karibu, nilishajua. Taa zilikuwa zimeachana. Gari langu taa zake zimekaribiana."

"Ukasemaje?"

"Sikusema. Nilikuwa na watoto sita, sina kazi, na pale mbele kuna gari zima lenye pleti zangu. Nikajiambia serikali imelipa deni kwa gari lisilo na mwenyewe. Nikajua kabisa ni la watu. Mahali fulani kuna familia inaulizia gari lake kama sisi tulivyokuwa tunaulizia letu. Nikachukua karatasi, nikatia saini juu ya boneti."

"Nani alikupa karatasi?"

"Dereva. Alisimama nyuma ya taa, amejifunga kitambaa shingoni mpaka kidevuni. Sauti yake ilikwaruza, nilimsikia kwa shida. Nikamrudishia kalamu. Alipoipokea, hakuondoka. Akaniuliza jambo moja."

Mikono ya Babu ilikuwa imeanza kutetemeka juu ya magoti yake.

"Akaniuliza, 'Mama bado anaumwa mguu?'"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Dereva aliyeleta Landrova usiku, uso wake umefichwa na mwanga wa taa, anamuuliza Babu habari za mguu wa mama yake. SASA ENDELEA…

"Nikamjibu anaendelea vizuri," Babu alisema. "Ulimi ulitangulia. Nilipokuja kujiuliza huyu anamjuaje mama, ameshapanda melini. Nikajituliza kwamba alitumika pamoja na mdogo wangu, wakasimuliana habari za nyumbani. Nimejituliza hivyo miaka yote. Gari nililiendesha mpaka 1991. Siku moja nikalisimamisha chini ya mwembe, nikashindwa kuliwasha tena. Siyo kwamba liliharibika."

Hatukulala sana. Ijumaa asubuhi alitoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya radieta, akaniambia nitoe plagi.

Nilijiandaa kwa kazi ngumu. Injini ikikaa miaka thelathini kando ya ziwa, ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu, plagi hung'ang'ania kwenye hedi mpaka zikatike. Nilikuwa nimekuja na bomba la kuongezea urefu wa spana. Plagi ya kwanza ilizunguka kwa nguvu ya kiganja. Ya pili vilevile. Zote nne zilitoka, na nyuzi zake zilikuwa na grisi nyeusi laini, isiyokauka.

Nikaingiza kidole kwenye tundu la silinda ya kwanza. Kilitoka na oili.

Nikachukua hendeli, nikaipitisha chini ya radieta mpaka ikashika kwenye pua ya krenki. Nikasukuma taratibu. Injini ilizunguka yote, bila kukwama popote, na kupitia matundu ya plagi nikasikia hewa ikitoka silinda moja baada ya nyingine.

"Babu, mara ya mwisho ulizungusha lini injini hii?"

"Sijaigusa tangu 1991."

Tulitazamana. Hakuna mwingine nyumbani kwetu aliyejua kushika spana. Baba mdogo anaogopa hata kubadilisha tairi.

Kazi ya kufanya ilikuwa nyingi, tukaendelea. Nilisugua pointi za distributa kwa msasa laini, nikaazima betri ya bodaboda wa jirani ili koili ipate umeme, maana betri ndogo haiwezi kuzungusha stata lakini cheche inatosha kuitoa. Nilisafisha bakuli la kioo la pampu, nikapampu petroli kwa ule mkono mdogo wa pembeni. Jeti ya kabureta ilikuwa imeziba. Niliizibua kwa pini niliyokuwa nimebania kilemba changu, na Babu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Unamuiga mke wa Benz," akasema.

Huyo nilimjua, nilimsoma chuoni na sijamsahau. Karl Benz alipata hataza ya gari lake Januari 1886, lakini watu walikuwa na mashaka nalo. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilitoa alfajiri bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili wakatoka Mannheim hadi Pforzheim, karibu kilomita 100, safari ambayo gari lilikuwa halijawahi kuifanya. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka akaufunga kwa mkanda wa soksi. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa, na breki za mbao zilipolika akamwambia fundi viatu azigongelee ngozi. Safari ile ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba gari linaweza kumfikisha mtu mahali. Kila nikisikia mtu anasema gereji si pahala pa mwanamke huwa namtajia mwaka huo, 1888.

Tulirudisha plagi, nyaya zikafuata mpangilio wa moto wa injini hiyo: moja, tatu, nne, mbili. Nikashika hendeli. Babu akanipiga kofi dogo la mkono.

"Kidole gumba."

Hendeli haizungukwi na kidole gumba. Vidole vyote vitano hulala upande mmoja, ili injini ikipiga nyuma, chuma kitoke mkononi badala ya kuvunja mfupa. Mikono mingi ilivunjika duniani kabla Charles Kettering hajatengeneza stata ya umeme, Cadillac wakaiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912. Stata ile ilifanya watu wengi zaidi waweze kuendesha, wanawake na wazee wakiwa wa kwanza kuishukuru. Lakini Landrova waliiachia tundu la hendeli miaka mingi baadaye, kwa kuwa walijua inakwenda mahali ambapo betri ikifa hakuna wa kuuza nyingine. Mahali kama hapa.

Nilivuta juu mara moja. Kimya. Mara ya pili ikakohoa, moshi wa buluu ukatoka kwenye ekzosi, kuku wakatawanyika. Babu akasogeza choki kwa nusu inchi, akanitikisia kichwa. Nilivuta tena na injini ikashika.

Sijui niuelezeje mlio ule. Ulianza kwa kuyumba, silinda moja ikisusa, halafu ya nne ikaingia na mabati yote ya uani yakaanza kutetemeka. Watu walisimama barabarani. Babu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifuniko cha valvu, amefumba macho, anasikiliza tapeti moja moja. "Ya tatu imelegea," akasema. "Lakini ni nzima. Kuna mtu ameitunza."

Tuliizima jioni maji yalipoanza kuchemka. Baba mdogo alikuwa amekwenda Rugezi kulipokea lori na angelala huko. Nilikuwa nakusanya spana nizirudishe kwenye kisanduku chini ya kiti cha kushoto, ambacho hatukukifungua mchana kutwa, kwa kuwa tulitumia za kwangu. Kifuniko kilifunguka bila mlio. Bawaba zake nazo zilikuwa na grisi.

Ndani mlikuwa na tambara, kopo la oili lililobaki nusu, na daftari la safari, yale marefu yenye jalada gumu ambayo madereva wa jeshi na wa serikali hujazia tarehe, mahali na lita za mafuta.

Nilimsomea Babu kwa mwanga wa taa ya mkononi. Kyaka. Mutukula. Masaka. Mwandiko ulikuwa ule wa nyuma ya ile picha moja tuliyo nayo ya babu mdogo, herufi zimelala kushoto. Lukaya, tarehe 11 Machi, na pembeni yake: *Gari la kaka limeungua. Nimechukua la marehemu.* Kisha wiki nyingi tupu. Kisha Mwanza. Kisha mstari uliosema:

*Nansio. Nimemkabidhi kaka. Ametia saini. Hakunitambua.*

Babu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Nikataka kufunga daftari. Akanishika mkono. "Geuza."

Nikageuza. Ukurasa uliofuata ulikuwa umeandikwa kwa kalamu tofauti tofauti, bluu, nyeusi, nyekundu, mstari mmoja kwa kila mwaka. 1992. 1993. 1994. Kila mstari na maneno yaleyale: *11 Machi. Oili imetiwa. Injini imezunguka.* Nikashuka kwa kidole mpaka chini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwaka jana, na mwandiko wake ulikuwa unatetemeka.

"Tarehe 11 Machi," nikasema. "Siku ya misa. Siku ambayo nyumba huwa tupu."

Babu alikuwa ameshainuka kwenye kigoda. "Leo ni tarehe ngapi?"

Nikatazama simu yangu, nikamwonyesha. Hakusema neno. Alinyoosha mkono, akazima taa.

Lango letu lina komeo lililoharibika kabla sijazaliwa. Mgeni hulivuta, likagoma, akabisha hodi. Mtu wa nyumbani hulinyanyua kwanza kwa goti, ndipo akasukuma.

Tukasikia chuma kikinyanyuliwa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO